Wakikuuliza kuhusu Tunu za Shirika

"Katika tunu zetu za msingi, ni ipi inayokugusa zaidi? Tupe mfano." Swali hili, au lingine linalofanana nalo, huulizwa karibu katika kila usaili wa mashirika yasiyo ya kiserikali, iwe Dodoma, Kisumu au Bukavu. Msailiwa aliyejiandaa huwa ameshazikariri tunu zote kutoka kwenye tovuti ya shirika, na jibu lake hutoka bila kusita: yeye ni mwadilifu, anapenda ushirikiano, ana moyo wa kuitumikia jamii. Jopo huandika, hushukuru, humwita anayefuata, naye husema yale yale kwa mpangilio mwingine. Hawadanganyi. Wengi wao ni watu wema kweli. Ila hakuna aliyelipa jopo kitu cha kumtofautisha na mwenzake, na swali lililowekwa ili kuwachuja huwaacha wote pale pale walipokuwa.

Hoja yangu ni moja: tunu hujulikana pale ilipomgharimu mtu kitu. Swali la tunu, basi, lijibiwe kwa uamuzi uliowahi kuufanya, uamuzi uliokunyima fedha, muda, sifa au urafiki. Na tunu za shirika lenyewe zisomwe kwa macho hayo hayo, katika maamuzi yaliyoligharimu. Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu Januari 2025, Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na miezi michache baadaye kulifunga shirika lake la maendeleo, USAID. Miradi ilifungwa Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, na watu wenye uzoefu wa miaka mingi wakajikuta wakiomba nafasi zile zile wanazoomba wahitimu wapya. Vyeti vinapolingana na uzoefu unapokaribiana, jopo hubaki na maswali machache ya kuamulia, na hili la tunu ni mojawapo.

Tuanze na wanaoutafiti usaili. Mwaka 1980 Gary Latham na wenzake walionyesha kwamba msailiwa akiwekewa tukio la kazini na kuulizwa angefanya nini, jibu lake husaidia kubashiri utendaji wake wa baadaye. Miaka miwili baadaye Tom Janz alipendekeza njia nyingine: muulize mtu alifanya nini lilipomkuta jambo la namna hiyo. Njia hizo mbili ndizo mama wa maswali mengi unayokutana nayo leo. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walipozipitia upya tafiti za miongo mingi kuhusu mbinu za kuchagua wafanyakazi, usaili wenye maswali yaliyopangwa ulishika nafasi ya kwanza, mbele ya mitihani ya kupima akili na mbali mbele ya hesabu ya miaka ya uzoefu. Ndiyo maana wajumbe wa jopo wana karatasi mbele yao. Kwenye karatasi hiyo hakuna nafasi ya kuandika kwamba msailiwa amezungumza kwa hisia. Kuna nafasi ya kuandika tukio lilikuwa nini, yeye mwenyewe alifanya nini na nini kilifuata. Anayejibu kwa sifa humwachia msaili karatasi tupu, hata kama amempendeza.

Ushahidi mwingine ni mchungu, na uko karibu nasi. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 huko Kivu Kaskazini na Ituri, wanawake walieleza kwamba waliahidiwa kazi, au kutishiwa kuipoteza, ili watoe miili yao kwa wanaume waliokuja kuokoa maisha. Tume huru iliyochunguza ilitoa ripoti yake Septemba 2021 na kuwataja watuhumiwa 83, kati yao 21 wakiwa walioajiriwa na Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2018 gazeti la The Times la London lilikuwa limeshafichua kwamba baadhi ya wafanyakazi wa Oxfam waliokuwa Haiti baada ya tetemeko la ardhi la 2010 walinunua ngono katika nchi waliyokwenda kuisaidia. Mashirika haya hayakukosa tunu zilizoandikwa vizuri. Yalikosa watu wa kutosha walio tayari kuzilinda pale zilipotaka ujasiri, na yalikosa njia za kuwasikiliza waliothubutu. Jopo linalokuuliza leo kuhusu uadilifu linaulizia hilo. Linataka kubashiri utafanya nini ukiwa kituo cha mbali, gari la mradi likiwa mikononi mwako, orodha ya wanufaika ikiwa mezani kwako, na bosi akiwa Nairobi.

Kuna jibu moja linalowaangusha watu wema wa kwetu mara nyingi, nalo lastahili kuangaliwa kwa makini. Wasaili huuliza: umesikia kwamba dereva wa mradi ana uhusiano na binti wa miaka 16 katika familia inayopokea msaada, utafanya nini? Msailiwa aliyelelewa vizuri hujibu kwamba atamwita dereva pembeni, atamshauri kama kaka, na akiendelea ndipo atamfikisha kwa mkubwa. Katika maisha ya mtaani jibu hilo lina hekima yake, kwa kuwa tumefundishwa kutomwaibisha mtu kabla ya kumwonya. Kwenye shirika la misaada ni jibu la kushindwa. Kanuni za pamoja za mashirika ya kibinadamu, zilizowekwa mwaka 2002, zinakataza ngono na aliye chini ya miaka 18 hata kama sheria au desturi ya mahali ingeruhusu, na zinamtaka mfanyakazi aripoti hata shaka tu kupitia njia zilizowekwa, bila kusubiri uhakika. Ukimwita dereva pembeni umempa muda wa kumtisha binti, kuinunua familia yake na kufuta ujumbe kwenye simu. Jibu linalotakiwa ni kwamba utaripoti siku hiyo hiyo kwa aliyeteuliwa kupokea taarifa hizo, hutachunguza mwenyewe, na hutalisimulia jambo hilo kwa wenzako. Ona kinachopimwa hapo. Upole wako na huruma yako kwa mfanyakazi mwenzako vinagongana na usalama wa binti, na unatakiwa uchague.

Kugongana huko ndiko kiini cha jambo lote, kwa sababu orodha za tunu zinafanana mno kuweza kukusaidia. Save the Children huorodhesha uwajibikaji, kuthubutu makubwa, ushirikiano, ubunifu na uadilifu. BRAC, iliyoanzia Bangladesh mwaka 1972 na kufanya kazi Tanzania na Uganda tangu 2006, hutaja uadilifu, ubunifu, ujumuishi na ufanisi. Geuza majina ya mashirika hayo na wengi hawatagundua. Tofauti huonekana pale tunu mbili zinapovutana na shirika likalazimika kuiumiza moja.

Mfano ulio bora ninaoujua ulitokea Ngara, mkoani Kagera. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa takribani saa 24, na kambi ya Benaco ikawa mji. Punde ikajulikana, huko Ngara na ng'ambo ya Zaire karibu na Goma, kwamba miongoni mwa wakimbizi walikuwamo waliopanga na kutekeleza mauaji ya kimbari, na kwamba baadhi yao ndio waliosimamia mgawo wa chakula na kuwatisha waliotaka kurudi kwao. Wahudumu wakabaki na swali ambalo hakuna bango la ukutani linaloweza kulijibu: ukibaki, msaada wako unawanenepesha wauaji; ukiondoka, unamwacha mtoto mwenye kipindupindu. Tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka katika kambi za Zaire na Tanzania mwishoni mwa 1994. Matawi mengine ya shirika hilo hilo, yenye mkataba ule ule wa maadili, yalibaki hadi mwaka uliofuata. Watu waliokubaliana kila neno la tunu zao walitofautiana kuhusu ipi itangulie, na kila upande ulikuwa na jambo la kujutia.

Madaktari hao wana historia inayosaidia kuelewa hilo. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1971, na miongoni mwa waanzilishi walikuwamo madaktari waliotumika na Msalaba Mwekundu katika vita vya Biafra na kuchoshwa na ukimya waliotakiwa kuutunza. Tangu hapo kusema waliyoyaona kumekuwa sehemu ya kazi yao, na kumewagharimu: mwaka 1985 tawi la Ufaransa lilifukuzwa Ethiopia baada ya kulaani watu kuhamishwa kwa nguvu. Msalaba Mwekundu, wenye misingi saba iliyotangazwa Vienna mwaka 1965, umechagua njia nyingine. Kamati yake ya Kimataifa hunyamaza hadharani na kuzungumza faraghani na pande zinazopigana, kwa kuwa anayepayuka leo kesho hafunguliwi mlango wa gereza. Msailiwa anayekwenda Msalaba Mwekundu akajigamba kwamba hawezi kunyamaza aonapo uonevu amejitangaza kuwa hafai kwa kazi hiyo, ingawa maneno hayo hayo yangemjengea jina katika shirika la kutetea haki za binadamu. Hakuna tunu inayosifika kila mahali kwa kiasi kilekile. Lazima ujue shirika unaloliendea limezipangaje.

Hilo huwezi kulijua kwa kusoma ukurasa wa "Kuhusu Sisi" peke yake. Soma taarifa ya mwaka, hasa sehemu inayoeleza kisichofanikiwa. Kama sehemu hiyo haipo, umeshajua jambo moja kuhusu uwazi wao. Sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya Tanzania ya mwaka 2002 inayataka mashirika kuandaa kila mwaka taarifa ya shughuli zake na kuiweka wazi kwa wananchi, kwa hiyo hata asasi ndogo ya wilayani unaweza kuiomba. Soma kanuni za mwenendo za wafanyakazi na sera ya kulinda watoto, kwa kuwa humo tunu zimegeuzwa kuwa makatazo. Tafuta tamko lililotolewa shirika lilipopatwa na kashfa au lilipopunguza wafanyakazi. Na ukiweza, zungumza na watu wa kijiji ambako mradi ulipita. Watakuambia kama mkutano wa kuchagua wanufaika ulifanyika kweli, au orodha ilitoka nyumbani kwa mwenyekiti.

Ukishajua hayo, rudi kwenye maisha yako utafute tukio. Chukua mfano wa kubuni wa afisa wa mradi wa afya aliyeulizwa kuhusu uwazi. Jibu la kwanza: "Ninaamini sana katika uwazi, kwa sababu fedha za wafadhili ni amana na jamii ina haki ya kujua." Jibu la pili: "Tuliandaa mafunzo ya wahudumu wa afya 40, wakaja 31. Mratibu wa kata akapendekeza tujaze majina tisa ya waliotoa udhuru, kwa sababu posho ilishatoka na lengo la robo lilikuwa 40. Nilikataa. Nilizirudisha posho tisa kwa mhasibu, nikaandika kwenye ripoti kwamba lengo halikufikiwa na kwamba mafunzo yaligongana na siku ya mnada. Meneja wangu hakufurahi, na mratibu hakunipa ushirikiano kwa muda. Robo iliyofuata tulibadilisha siku, wakaja 38." Jibu la pili halijatumia neno uwazi hata mara moja, na msaili ameshaandika alama zake. Limemwonyesha mtu anayejua vishawishi halisi vya kazi, maana kila aliyekaa miradini anaijua fomu ya mahudhurio na presha ya lengo. Limetaja gharama. Limetaja pia watu waliokuwa na sababu zao, bila kuwafanya mashetani. Hata ile 38, ambayo bado haijafika 40, inaaminika kwa sababu hiyo hiyo.

Kuna watakaosema kwamba kujisimulia hivi ni kujisifu, na kwamba kwetu mtu husifiwa na wenzake. Pingamizi hili nalichukulia kwa uzito, kwa kuwa nimeliona likipuuzwa katika maandishi mengi ya ushauri, msomaji akaamriwa tu "ajiuze". Lakini simulizi ya uamuzi ndiyo njia ya kuepuka kujisifu. Anayesema "mimi ni mwadilifu" amejihukumia kesi mwenyewe. Anayesema "nilizirudisha posho tisa" ameweka ushahidi mezani na kuwaachia wengine hukumu. Kosa linalotokea kwa wanyenyekevu ni kujificha ndani ya "sisi": tuliamua, tulikataa, tulirudisha. Jopo haliajiri timu yako. Wape wenzako haki yao kwa kutaja walichofanya, kisha sema "nilikataa" pale ulipokataa wewe.

Mhitimu mpya atauliza atoe wapi tukio la namna hiyo. Atoe alikopewa dhamana: uweka hazina wa darasa, kikoba cha mtaani, kamati ya harusi, kwaya, madrasa, mazoezi ya vitendo hospitalini. Mweka hazina wa kikoba aliyemnyima mkopo shangazi yake kwa sababu hisa zake hazikutosha anajua kuhusu kutopendelea zaidi ya aliyehudhuria semina tatu za utawala bora. Ukubwa wa taasisi hauongezi uzito wa uamuzi. Kitakachokuangusha ni kubuni. Wasaili huuliza maswali ya nyongeza, nani alikuwepo, alisema nini, ukajibuje, na hadithi isiyotokea huanza kuyumba kwenye swali la pili.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la wanaosema tunu ni mapambo. Wana ushahidi. Kampuni ya Marekani ya Enron, iliyofilisika Desemba 2001 kwa udanganyifu wa mahesabu, ilikuwa na tunu nne zilizotangazwa, heshima na uadilifu zikiwa miongoni mwake. Kuna mashirika yanayohubiri usawa huku madereva na walinzi wao wakiishi kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Nakubali yote hayo, na kwa sababu hiyo hiyo nasema swali hili lisichukuliwe kama sherehe. Tunu zinapokuwa maneno tu, mfanyakazi mwaminifu hana pa kushika. Zinapojadiliwa kwa maamuzi na gharama, zinakuwa ahadi zinazoweza kudaiwa, na anayeweza kuzidai ni yule aliyezungumza kwa lugha hiyo tangu siku ya usaili.

Wapo pia wanaohofu kwamba kupima tunu ni kisingizio cha kuajiri watu wa kufanana. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2012 mwanasosholojia Lauren Rivera alichapisha utafiti kuhusu kampuni za hadhi ya juu za Marekani, akionyesha jinsi wasaili walivyowapendelea waliofanana nao kwa michezo, safari na malezi, huku wakiita hayo kuendana na utamaduni wa kazi. Kwetu upendeleo huo unaweza kuvaa sura ya kabila, dini, shule uliyosoma au ufasaha wa Kiingereza. Kwa msailiwa asiye na jina la kumtanguliza, tukio halisi lenye uamuzi na matokeo ni silaha bora kuliko mvuto, kwa kuwa msaili mwenye haki anaweza kulipa alama, na asiye na haki atapata taabu kulifuta.

Swali la dini lina njia yake fupi. Shirika kama World Vision hutangaza Ukristo wazi katika tunu zake. Usijifanye usichokuwa. Uliza kabla ya kuomba kama nafasi husika inadai imani hiyo, kisha zungumzia kile mnachoshiriki kwa kweli, kama vile utu wa maskini. Anayeigiza imani ili apate mshahara atalazimika kuiigiza kila asubuhi ya kazi, na hilo ni mzigo.

Mwisho wa usaili hufika zamu yako ya kuuliza. Usiulize kuhusu semina na safari. Uliza: ni lini shirika hili liliacha fedha kwa sababu ya tunu zake? Madaktari Wasio na Mipaka wana jibu lao, kwani Juni 2016 walitangaza kutopokea tena fedha za Umoja wa Ulaya na nchi wanachama wake, wakipinga makubaliano ya umoja huo na Uturuki kuhusu wakimbizi. Asasi ya wilayani haihitaji jibu kubwa namna hiyo. Inatosha kusema ilikataa mradi uliotaka picha za watoto wagonjwa kwenye mabango. Jopo likitazamana na kukosa la kusema, hujapoteza kitu kwa kuuliza. Umejua mapema utakayoyakuta.

Kabla ya siku hiyo, fanya mambo mawili. Andika matukio matatu ya aina niliyoeleza, kila moja kwenye nusu ukurasa, ukiyaondoa majina ya watu na siri za mwajiri wa zamani, kwa sababu anayemwaga siri za jana ataonekana atamwaga na za kesho. Kisha wapigie simu wadhamini uliowataja kwenye wasifu wako, uwakumbushe matukio hayo. Tangu 2019 kuna mpango wa pamoja ambamo mashirika yaliyojiunga huulizana kuhusu mwenendo wa waombaji katika kazi zao za zamani. Yatakayosemwa na aliyefanya kazi nawe yatawekwa kando ya uliyoyasema mwenyewe, na inafaa yakutane.